Bundi, Siafu na Mama Mkwe

Nimeoa Malindi, kwa watu wenye heshima zao. Shemeji yangu ana wazimu wa ndege. Akisikia mlio dirishani, huacha wali ukapoa. Likizo ya Aprili akatangaza safari ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kumtafuta bundi.

Mama mkwe akashika kifua. "Bundi? Wenzako humfukuza, wewe wamfuata? Na kiingilio walipa?"

Shemeji akamtuliza: huyu si yule wa kulia juu ya paa. Bundi wa Sokoke ana sentimita 16 hivi, na duniani yuko sehemu chache mno, kama hapa na chini ya milima ya Usambara Mashariki.

"Basi na Wasambaa wana taabu yao," mama akasema, akaenda kuchukua buibui.

Kiongozi, kijana wa Gede, alituingiza vichakani hadi miiba ikaligawana lile buibui. Ghafla akainua mkono: kimya! Usawa wa macho, ndege wawili wamebanana tawini, usingizi mzito, mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu. Wazuri, haki ya Mungu.

Hapo kitu kikatambaa juu ya soksi yangu.

Mvua zilikuwa zimeanza, siafu wanahama, nami nimesimama katikati ya njia yao. Wa kwanza akauma nyuma ya goti. Kiongozi kidole mdomoni. Nikavumilia. Wa pili, wa kumi, wote wakipanda juu, na walipofika pale ambapo uvumilivu wa mwanamume yeyote huishia, suruali ikatoka pamoja na kiatu kimoja.

Mbele ya mama mkwe.

Shemeji akageuka kukagua miti. Mke wangu akaketi chini, hoi kwa kicheko. Mama akajifunika uso kwa mtandio, na humo ndani ikatoka sauti: "Yallah, mkwe wangu!" Halafu, maana ni mama: "Wang'oe kwa kucha, vichwa hubaki!"

Bundi mmoja akafumbua jicho la manjano, akatutazama, akalifumba.

Nikajua nimeshaharibu ukwe. Kumbe mama ndiyo kwanza kanogewa. Darubini ya mwanawe haitoki shingoni. Juzi akampigia binti yake simu: twende Mida, kuna ndege wala kaa.

"Na mumeo aje," akasema. "Ila mwambie avae kikoi, asihangaike na vifungo."