Kupewa habari sio kutenganishwa: somo la anga ya Somalia

Abiria wengi wanaamini kuna mtu chini anaiangalia ndege yao muda wote na kuitenga na zingine, na sehemu nyingi ndivyo ilivyo, lakini juu ya Somalia haikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Serikali ilianguka 1991, huduma ya kuongoza ndege ikafa, baadaye UN kupitia ICAO, shirika lake la usafiri wa anga, wakawa wanahudumia anga ile wakiwa Nairobi mpaka mwishoni mwa 2017 ndio kazi ikarudi Mogadishu. Muda wote huo, na mpaka Januari 2023, ilikuwa daraja G, yaani anga isiyoongozwa.

Daraja G kwa ndege ya IFR, yaani inayoruka kwa kutegemea vyombo, huombi kibali cha mtu, unatakiwa uwe na redio tu, na wa chini wanakupa habari kwamba kuna ndege fulani futi 35,000 inakuja upande wako. Basi. Kuwatenganisha sio kazi yao. Kwa ndege ndogo inayoshuka kiwanja cha porini mchana kweupe sina neno, ila jeti mbili zinazoelekeana, kila moja kilomita 900 kwa saa, zinasogeleana nusu kilomita kila sekunde!

Sasa marubani walifanyaje? Kwenye 126.9, masafa ya redio ambayo bado yanatumika sehemu nyingi za Afrika, rubani anajitangaza mwenyewe: anaita stesheni zote, anataja jina la ndege, level (kimo anachoruka), anatoka wapi anaenda wapi, pointi inayofuata ataifika saa ngapi, halafu anakaa kimya anasikiliza. Mwenzake akisikia level yake imetajwa ndio wanaanza kupangana wao kwa wao. Wengine wanasogea maili moja au mbili kulia mwa njia, ili hata level zikigongana wasikutane uso kwa uso. Nawaheshimu sana kwa hilo, lakini huo ni utaratibu wa dharura, haukupaswa kuwa maisha ya kila siku.

Na msiniambie TCAS ipo, kile chombo cha ndani ya ndege kinachoonya kabla ya kugongana. TCAS ikishapiga kelele umebakiwa na chini ya dakika moja, na haimuoni mwenye transponda (kifaa kinachojibu mawimbi kutambulisha ndege) iliyozimwa. Septemba 1997 nje ya pwani ya Namibia ndege ya jeshi la Ujerumani na ya Marekani ziligongana kwenye level moja, hakuna iliyokuwa na TCAS, wakafa watu 33.

Ndio maana 26 Januari 2023, anga ya juu ya Somalia iliporudi daraja A, ambako kontrola anatenganisha kila ndege na zingine, nilifurahi kweli. Na ndio maana 2024 iliniuma, mvutano wa Mogadishu na Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland iliyojitangazia uhuru, ulipoingia mpaka redioni, marubani wakawa wanapewa maagizo yanayopingana kwenye masafa yale yale. Suala la mpaka wao wabishanie mezani hata miaka 10, lakini masafa yawe na sauti moja. Kwangu hali hiyo ni mbaya kuliko daraja G yenyewe, manake kwenye G rubani anajua yuko peke yake na anakaa macho, lakini kwenye mvutano huu anatii sauti akiamini ni ya kontrola wake.