Utangulizi Uliovuta Mtaa Mzima

Aliyeanza ni mwalimu wa mpwa wangu. Alimrudishia daftari la insha likiwa na maneno manne ya wino mwekundu pembeni: "Utangulizi wako unasinziza msomaji."

Ilikuwa Agosti 2022, hapa Moshi, kwenye ile baridi ambayo mtu anaoga huku anaapa. Mpwa wangu alikuwa kidato cha nne, na swali lilimtaka aeleze jinsi mhusika mkuu anavyobadilika katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Alikuwa ameanza kama tulivyofundishwa sote: "Tamthiliya ni utungo wa kifasihi unaoandikwa kwa ajili ya kuigizwa jukwaani mbele ya hadhira..." Kabla sijafika kwenye hadhira nikapiga miayo. Mwalimu hakumwonea.

"Mjomba, si mama anasema wewe ulikuwa mkali wa insha?"

Mimi nina kibanda cha kopi na kuchapa karibu na stendi. Kutwa nachapa barua za kuomba kazi, kadi za mchango wa harusi na mikataba ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya huku kwetu. Tangu nimalize shule hakuna binadamu aliyeniuliza habari za fasihi. Nikavuta kiti.

Nikamwambia hivi: mabadiliko ya mhusika hayaonekani mpaka umwonyeshe msomaji watu wawili ndani ya shati moja, yule aliyefika na yule aliyeondoka. Ngoswe anafika kijijini kama karani aliyetumwa kuhesabu watu, anapokewa kwa balozi, mzee Mitomingi. Anaishia kutoroka na Mazoea, binti wa huyo huyo mzee, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Basi sentensi ya kwanza imlete karani na kola yake safi, inayofuata imwonyeshe akiteleza, kisha uliza kilichomtelezesha ni nini. Insha yote iliyobaki ni kujibu hilo. Na usikimbilie kusema "Ngoswe ni mhusika duara," yaani anayebadilika. Hilo ni jina la ugonjwa; mlete mgonjwa kwanza tumwone.

Nikamkazia mambo mawili, na ndiyo yaliyoniponza. Andika kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Na jina la mhusika lifiche kidogo, msomaji ajiulize ni nani huyu.

Usiku nikaona nimwandikie mfano kabisa kwenye simu:

"Amekuja na kazi ya serikali. Mkoba begani, kalamu mfukoni, adabu imejaa mpaka kwenye kola. Mzee amemfungulia mlango, amempa kiti, amempa na chakula. Leo kuhesabu watu kumemshinda, kwa sababu amebaki kuhesabu hatua za binti wa mzee. Ni nini kimembadilisha?"

Nikaisoma mara tatu. Pale kwenye kuhesabu hatua nilijipongeza kwa sauti, nyumbani, peke yangu. Nikanakili, nikafungua WhatsApp, jina la mpwa wangu hilo hapo juu kabisa. Kidole kikiwa bado angani, mwenyekiti wetu wa mtaa akatuma tangazo kwenye kundi la mtaa: wananchi tujitokeze kuhesabiwa, tuwape makarani ushirikiano. Kundi likapanda juu, mpwa akashuka, kidole kikatua. Nikabandika, nikatuma, nikaweka simu kwenye chaji, nikaenda kuoga.

Sasa mjue kwamba wiki ile mtaani kwetu kulikuwa na karani wa sensa wa kweli. Kijana mpole, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Mwenyekiti ndiye alikuwa akimzungusha nyumba kwa nyumba, na jioni, Mchaga hamwachi mgeni aondoke na njaa, mtori, ile supu yetu ya ndizi, alikuwa anaunywa kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti ana binti. Alikuwa likizo kutoka chuo.

Natoka bafuni, meno yanagongana, nakuta ujumbe sitini na tatu.

Wa kwanza ulisema "Jamani," basi. Wa pili: "Si nilisema?" Hakuwahi kusema chochote. Fundi wa viti akaandika kwamba kuna nyumba ilihesabiwa mara mbili na yeye kwa macho yake aliona. Mama mmoja wa jumuiya alituma mikono ya kusali kumi na moja. Jirani yangu wa ukuta, mtu ninayemkopesha chumvi: "Ndiyo maana mimi mpaka leo sijafikiwa." Na mwingine, mwenye wasiwasi wa kiserikali zaidi: "Kwa hiyo sensa itarudiwa?"

Nikafuta. Yaani niligusa pale pa kufuta kwa wote nikiwa bado na taulo. Kundini kukabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na hapo ndipo nilipojimaliza. "Amefuta! Ametishwa!" "Asitishwe, aseme ukweli." Kumbe kundi zima walikuwa wameshaunakili.

Katikati ya moto ule kulikuwa na ujumbe mmoja umetulia, kutoka namba ambayo sikuwa nimeihifadhi: "Mwanzo unavuta. Ila jina la tamthiliya na la mwandishi viko wapi? Hoja kuu haijajitokeza. Na mwambie mwanafunzi aandike wa kwake." Mwalimu. Naye anakaa mtaa wetu. Hakuna aliyemjali.

Kisha mwenyekiti: "Mwenye kibanda cha kopi, fika kwangu. Sasa."

Nilikwenda na mpwa wangu, amebeba kitabu kisicho na jalada, kurasa zimeshikwa kwa uzi. Mwenyekiti alikuwa kwenye kochi na koti lake zito. Mkewe amesimama mlangoni na mwiko. Karani yuko pembeni, bakuli la mtori mapajani, kishikwambi amekibana kwapani kama kuku wa sikukuu. Binti hakuonekana, ila mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani anahesabu hatua za nani?"

Nikaeleza. Nikataja Semzaba, nikataja kidato cha nne, nikataja hadi wino mwekundu. Nikamwonyesha ujumbe wa mwalimu. Akausoma polepole, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Kwa hiyo ni mchezo wa kuigiza."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyo mzee wa kwenye mchezo, alikosa nini mpaka afanyiwe hivyo?"

Swali hilo sijawahi kuliona kwenye mtihani wowote. Nikajibu lililonijia: "Alimkaribisha mgeni."

Karani akaweka bakuli chini.

Mwenyekiti akamwamuru mpwa wangu asome. Akasoma kwa sauti, kwa aibu mwanzoni, halafu akanogewa akaanza kubadilisha sauti za wahusika. Mama mwenye mwiko akaketi. Walipofika kwenye karatasi kuchomwa moto, mwenyekiti akakigeukia kishikwambi, akakitazama.

"Hiki ni mali ya serikali, mzee," karani akasema haraka.

"Nimesema kitu?"

Hukumu yangu ilikuwa kuandika masahihisho kundini, pale pale, mwenyekiti akisoma juu ya bega langu. Nikaandika: ujumbe wa awali ni utangulizi wa insha kuhusu mabadiliko ya mhusika Ngoswe, katika tamthiliya ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyoandikwa na Edwin Semzaba, na hauhusiani na mtu yeyote wa mtaa huu. Utangulizi umekamilika, jina lipo, mwandishi yupo, hoja ipo. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Fundi wa viti alikuwa bado anabishana kuhusu ile nyumba iliyohesabiwa mara mbili.

Saa tano usiku tukaaga. Binti wa mwenyekiti ndiye aliyetusindikiza na tochi ya simu, maana taa ya getini ilikuwa imeungua. Mpwa wangu akatangulia barabarani. Binti akafunga geti nusu, akageuka kutazama mlango wa nyumbani kwao, kisha akainama kwangu na kunong'ona:

"Kaka, nani alikuambia?"