Wawili wa Mnazini

Mimi sikuwahi kuamka usiku kwa ajili ya mtoto. Nalisema mapema, maana kesi yangu yote imejengwa juu ya neno hilo. Nina watoto watatu, na wote walilia usiku kama watoto wa watu wengine, ila kila walipolia mimi nilikuwa nimelala usingizi wa pono. Asubuhi nauliza, "Mtoto alilalaje?" Mama Watoto ananitazama tu, kisha ananisukumia sahani ya mbaazi.

Basi Mungu akaniletea kindi.

Mkwezi alikuja kwetu Kisauni kuangua nazi. Katika kushusha makuti makavu, pu! likaanguka fundo la nyasi na nyuzi za makumbi, na ndani yake vitoto viwili vya kindi. Macho yamefumba, manyoya haba kama ndevu za kijana wa darasa la nane. Mkwezi akasema nisiwapeleke mbali, mama mtu akiona kumetulia atashuka na kuwabeba kwa meno, mmoja mmoja. Nikawatia kwenye kikapu, nikakining'iniza kwenye shina la mnazi, tukakaa barazani kungoja. Mpaka magharibi aliyetokea ni paka wa jirani peke yake, naye alikuwa akijilamba midomo. Sikuuliza zaidi.

Nikafanya ambalo kila mtu angefanya, yaani kosa. Nilichukua maziwa ya ng'ombe yaliyobaki kwenye chai, nikawanywesha kwa ncha ya kijiko. Ilipofika isha matumbo yao yalikuwa yameumuka kama mahamri kwenye karai, na mkia wa mmoja umelowa kwa kuhara. Mama Watoto alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Umewalisha nini?" Nikamwambia. Akasema, "Nilidhani umeoa mwanamke aliyelea watoto watatu. Ungeniuliza."

Asubuhi nilikuwa kwa daktari wa mifugo kabla hajafungua. Mtu mzima huyo, maisha yake yote ni mbuzi na ng'ombe. Alimshika mmoja, akamfinya ngozi ya mgongoni. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. "Hana maji mwilini," akasema. "Tena wa baridi. Mtoto wa baridi halishwi. Ukimlisha, tumboni maziwa hayaendi popote, yanachacha tu." Akaniamuru niwatie joto kwanza, chupa ya maji moto ndani ya leso, kisha ORS vuguvugu, ile ya pakiti wanayopewa watoto wanaohara, mpaka tumbo litulie. Matumbo yaliyovimba nikayakande taratibu kwenye maji ya uvuguvugu. Maziwa baadaye, tena si ya ng'ombe. Akanielekeza duka la dawa za wanyama nikanunue maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, kwa sababu sukari ya maziwa imepunguzwa na mafuta yameongezwa.

"Utatumia sirinji ya mililita 1, bila sindano. Amelala kifudifudi, kichwa juu kidogo. Tone kwa tone. Kila saa tatu."

"Na usiku?"

"Kwani usiku mama yao huenda kazini?"

Nilikuwa nishaanza kuondoka akaniita. Hawawezi kukojoa wenyewe, akasema. Mama yao huwalamba huku chini mpaka kitoke kitu. "Wewe tumia pamba yenye maji ya uvuguvugu." Nilimshukuru kwa dhati. Kuna siku mtu hujua thamani ya pamba.

Likabaki suala la kiasi. Kila mlo usizidi asilimia 5 ya uzito wa mtoto, na mizani yangu ya jikoni haitambui kitu kilicho chini ya robo kilo. Nikaenda Mji wa Kale kwa sonara mmoja ambaye tulisoma madrasa pamoja. Nikasubiri wateja watoke, nikafungua kitambaa. Akatazama kwa lenzi yake.

"Hii ni ya karati ngapi?"

"Pima tu, yakhe."

Mmoja gramu 30, mwingine 28. "Tola mbili u nusu," akasema sonara, kwa heshima kabisa, akapangusa mizani. Yaani mlo mmoja ni mililita moja na nusu. Ukiimwaga juu ya meza haipati hata umbo la maana.

Vita vikubwa vilikuwa vya kopo. Lilikuwa na picha ya mbwa, mkubwa, ametoa ulimi. Mama Watoto aliliona tu akapiga ukelele. "Maziwa ya mbwa! Jikoni mwangu!" Nikaapa kwamba si maziwa ya mbwa, ni maziwa ya watoto wa mbwa. Hilo, nikitazama nyuma, halikusaidia. Mwisho tukapatana: picha ya mbwa itoke nyumbani. Nikauhamishia unga kwenye mtungi wa kioo, ule wenye kifuniko chekundu, nikauweka rafu ya juu. Shikeni hapo, mtungi tutaurudia.

Nikaanza kuamka. Saa tano, saa nane, saa kumi na moja alfajiri. Simu inalia chini ya mto, mimi natambaa gizani kutafuta sirinji, nachemsha maji, napima joto kwenye kifundo cha mkono kama nilivyomwona Mama Watoto akifanya miaka ile (kumbe nilikuwa naona). Kila nilipowasha taa, nilikuta macho mawili yamefunguka kule kitandani, yananifuata bila kupepesa. Hakusema neno. Usiku wa nne ndipo aliposema: "Kwa hiyo masikio yalikuwa mazima."

Sasa, posa.

Mdogo wangu alikuwa amempata binti wa Kibokoni, na wazee wakaniteua mimi niwe mshenga, pamoja na Ami, kaka yake marehemu baba. Siku ikapangwa, baada ya alasiri. Nani atawalisha kindi saa kumi na moja? Mama Watoto alikuwa anakuja posani na upande wa wanawake, na alishasema mkono wake hautii. Nikawakunja ndani ya kofia yangu ya zamani, pamoja na kichupa cha dawa ya kikohozi nilichojaza maji moto, nikaitumbukiza kofia kwenye mfuko wa ndani wa koti, juu ya kanzu. Sirinji mfuko wa pili. Chupa ndogo ya chai, yenye maziwa yao, mfuko wa tatu. Nilionekana nimenenepa ghafla.

Ami alifika kwetu mapema, akanywa chai huku tukimalizia kujipanga. Binti yangu ndiye aliyepika. Ami akanywa kikombe, akashusha, akakitazama. "Chai hii nzito, mashallah." Akaomba cha pili. Nilipoinua macho nikauona mtungi wa kifuniko chekundu uko mezani, wazi, kijiko kimesimama ndani. Nikamtazama Mama Watoto. Mama Watoto akatazama dari. Tukaenda kwenye tuktuk bila kuzungumza.

Kibokoni tulipokelewa vizuri. Ami akaanza maneno yake ya kwamba tumeona ua kwenye uga wenu, na sisi bustani yetu imekauka. Alikuwa amefika kwenye babu wa tatu wa ukoo wetu, mfuko wangu ukalia: tsii! Wazee wakadhani simu. Nikajipapasa. Tsii, tsii! Baba wa binti akasema kwa upole, "Pokea tu, huenda ni muhimu." Nikaomba kwenda msalani.

Msala wa nyumba ile uko ukutani mwa jiko, na jikoni ndimo walimokuwa wanawake wote. Ukuta ule ungeweza kupitisha hata mawazo. Mimi sikuwa na habari. Nilijifungia, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikamtoa wa kwanza. Pamba kwanza.

"Kojoa, baba. Kojoa. Aah, hivyo hivyo."

Upande wa pili, vyombo vikanyamaza.

"Haya nyonya sasa. Pole pole. Mama yenu hayupo, mimi ndiye mama na mimi ndiye baba. Mama Watoto hata kuwaona hataki, nisipowanyonyesha mimi atawanyonyesha nani?"

Msala ni mwembamba, ndoo inayumba, mkono wa kushoto umeshika kofia yenye wa pili. Nikamlaza mnyonyaji chali kwenye kiganja, nikajiambia ni mara moja tu. Naye alikuwa na njaa ya saa tatu na dakika ishirini, akaivuta sirinji kwa nguvu, kidole changu kikateleza, yote ikaingia kwa mpigo. Maziwa yakatoka puani mapovu mawili. Akaacha kupumua. Nikamgeuza kichwa chini, nikawa nampangusa pua kwa ncha ya kanzu, na hapo sauti ikanitoka:

"Pumua! Pumua mwanangu! Usinifie nyumba ya watu!"

Mlango ukapigwa na kitu kigumu. Baadaye nilijua ni mkongojo.

"Mwanangu," ikasema sauti ya kizee, "fungua."

"Nakuja, Bibi."

"Watoto wangapi humo?"

Ukiulizwa na mtu mzima unajibu. "Wawili."

"Wa mke gani?"

"Hawana mke, Bibi. Wa mnazini."

"Mnazini! Ile ya Tana River?"

"Si Mnazini hiyo, Bibi. Mnazini, juu ya mti!"

Kimya. Kisha nikasikia akiwaambia wenzake, kwa huzuni, "Na akili pia hana."

Kindi akapiga chafya. Chafya ndogo, kama ya pilipili manga, akaanza kulia. Katika maisha yangu sijasikia sauti tamu kuliko hiyo. Nikafungua mlango nikiwa nimelowa maziwa kifuani, kindi kiganjani, na mbele yangu wamejipanga wanawake saba, nyuma yao baba wa binti, na nyuma kabisa Ami, ameshika kofia yake kama mtu aliyekuja kuzika.

Bibi akainama. Akamtazama kindi kwa muda mrefu. Akanitazama mimi.

"Wamlaza chali?"

"Mara moja tu, Bibi, nafasi..."

"Umemwona mbuzi gani akanyonya chali? Lete." Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamlaza kindi kifudifudi juu ya vidole viwili, akaning'oa sirinji mkononi. Kwanza akamweka sikioni asikilize kifua. "Akianza kukoroma ndani, maziwa yameingia mapafuni, huyo humpati tena. Huyu bado." Akamwacha apumzike, akamlisha wa pili, tone, pumziko, tone. Nyumba nzima ilisimama ikimtazama Bibi akilisha kindi. Posa ilikuwa imesahaulika kabisa.

Ndipo mama wa binti akamgeukia mke wangu. "Na wewe ulikuwa umekaa nasi jikoni, unayasikia yote. Mbona hukutwambia ni kindi? Sisi tushaanza kutoa talaka!"

Mama Watoto akarekebisha mtandio. "Watatu nimemzalia," akasema. "Hajaamka usiku hata kwa mmoja. Nikaona leo acha ajieleze."

Wanawake saba wakanigeukia. Bora ningerudi msalani.

Posa ilipokelewa wiki iliyofuata, kwa sharti la Bibi kwamba mshenga abadilishwe. Kindi nao walifumbua macho, wakaanza kupanda pazia na kutafuna waya wa chaja, na tukajua wakati umefika, maana sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, awe tembo au tola mbili u nusu. Nikawapigia watu wa wanyamapori, wakaja kuwachukua. Usiku ule niliamka saa nane, nikachemsha maji, nikasimama jikoni na sirinji mkononi. Mama Watoto akaja akazima jiko, akanirudisha kitandani.

Arusi imeshapita. Ami yuaja kwetu kila Ijumaa, na kila Ijumaa akishusha kikombe anakitazama, anatikisa kichwa.

"Nzuri," husema. "Lakini si kama ile ya siku ya posa. Ile mlitia maziwa gani?"

Mama Watoto hutazama dari.