Sheria tunayo, maswali ndiyo yanatuangusha

Nyumbani Tanzania wengi wakisikia sheria ya ubakaji ya huku Sweden ya Julai 2018 husema wenzetu wametuacha mbali. Kwa maandishi, si sana. Sheria hiyo inauliza kama mtu alishiriki kwa hiari, na kama hiari hiyo ilionekana kwa maneno, vitendo au namna nyingine. Lakini Tanzania Bara, tangu 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema majeraha na dalili nyingine za kupambana si lazima ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Miaka 20 kabla ya Sweden! Halafu nenda kituoni, swali la kwanza mara nyingi ni: "Mbona hukupiga kelele?"

Jibu lipo. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa, Stockholm, ulikuta asilimia 70 waliganda kwa kiwango kikubwa. Hofu ikizidi, viungo hukakamaa na sauti hukauka, huku anayebakwa akijua kinachoendelea. Hajaamua kunyamaza. Na walioganda ndio walioelekea zaidi kupata kiwewe na sonona kali miezi 6 baadaye.

Kumbukumbu nayo hukatika vipande. Anaweza kukumbuka feni ya darini na harufu ya sigara, asikumbuke nani alifunga mlango. Askari akimbana apange kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, atajaza mapengo kwa kubahatisha, na mahakamani wakili ataita huo uongo. Muulize "unakumbuka nini?", muache aanzie anapotaka, andika maneno yake yalivyo, mrudie akishalala. Haya hayahitaji bajeti, na polisi wa huku nao si malaika, wamefundishwa tu.

Kabla ya mahojiano marefu, hospitali. PEP ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na mapema ni bora zaidi. Asioge, asifue, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hufungia unyevu na vinasaba vikaharibika. PF3, ile fomu ya polisi, inahitajika kwa kesi, lakini dawa zisisubiri karatasi.

Tulipoachwa kweli ni kwenye ndoa. Huku kumbaka mke ni kosa tangu 1965. Kwetu kifungu hichohicho cha 130 hakimlindi mke ila awe ametengana na mumewe, kwa hiyo hata askari aliyefundwa vizuri hana kosa la kubaka la kuandika kwenye jalada.