Mtoto asiyetajwa kwenye dosie ya Kanada

Jijini Lubumbashi si vigumu kumpata mtu mwenye ndugu aliyeomba ukaazi wa kudumu nchini Kanada, na swali lao ni lile lile: je, asiye raia ana haki gani mbele ya dola hiyo? Mwaka 1992, katika kesi ya Chiarelli, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kwamba mgeni hana haki isiyo na masharti ya kuingia wala kubaki nchini. Mwaka 1999, katika kesi ya Mavis Baker, Mjamaika aliyeishi huko bila kibali na kuzaa watoto wanne, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba ofisa ni lazima amsikilize mwombaji bila upendeleo, aeleze sababu za uamuzi wake na ayape uzito masilahi ya watoto. Ukaazi wenyewe haudaiwi. Kinachodaiwa ni kutendewa haki wakati wa kuuomba.

Ugumu wa jambo hili unaonekana katika kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji. Mwanafamilia ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati mdhamini, yaani jamaa anayemwombea kuja Kanada, alipoomba ukaazi wake mwenyewe, hawezi kudhaminiwa baadaye. Kwetu hali hiyo inajulikana vizuri. Baba ana mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, analelewa Likasi na nkambo wake, mama mzazi wa baba, na hana cheti cha kuzaliwa kwa kuwa hakuandikishwa ndani ya siku 90. Komisioneri, yaani wakala anayelipwa kuandaa makaratasi, anayejaza fomu ya familia ya IMM 5406 anashauri mtoto huyo aachwe, eti atachelewesha dosie, ilhali fomu hiyo inataka watoto wote, hata wasiosafiri.

Wanaoitetea kanuni hiyo hawasemi ovyo. Dola haiwezi kupima afya na mzigo wa familia ambayo imefichwa, na anayesema kweli asionekane mjinga mbele ya anayeficha. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliikubali kanuni hiyo dhidi ya mama Mfilipino aliyemtaja binti mmoja na kuwaficha wana wawili, ikikumbusha kwamba ombi la huruma, yaani la kusamehewa masharti kwa sababu za kibinadamu, chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya uhamiaji bado linawezekana.

Hata hivyo, naona wapinzani wana hoja nzito zaidi. Anayepatikana na hatia ya udanganyifu huzuiliwa miaka 5, lakini kutengwa kwa mtoto huyu hakuna kikomo, na anayeumia hakujaza fomu yoyote. Tena kanuni haiulizi kama kumtaja kungebadilisha chochote, wala baraza la rufaa za uhamiaji haliruhusiwi kumwonea huruma. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa muda mnamo Septemba 2019, unaowaruhusu wakimbizi na waliodhaminiwa na jamaa kuwadhamini watoto wa namna hii, ikiwa kuwataja watoto hao kusingewanyima wadhamini ukaazi wao. Aliyeingia kwa ujuzi wake wa kazi haumhusu, na mpango wa waziri hauna uimara wa sheria.

Anayebaki na ombi la huruma, likikataliwa na ofisi iliyo nje ya Kanada, ana siku 60 za kwenda Mahakama ya Shirikisho. Uamuzi uliotolewa ndani ya nchi una siku 15 tu. Ni lazima kwanza aombe ruhusa ya kusikilizwa, na ruhusa ikikataliwa hakuna rufaa. Hata akishinda, kwa kawaida jaji hampi ukaazi, bali huirudisha dosie kwa ofisa mwingine aiamue upya.