Maneno ya mfiwa tumwachie mfiwa

"Usilie mama, Mungu amempenda zaidi."

Nilikuwa mlangoni nimeshika sufuria ya uji, mama mmoja aliyekuja kutoa pole alipomwambia dada yangu maneno hayo. Dada alikuwa ameketi mkekani, kanga imemteleza kichwani. Mwanawe wa miaka sita tulikuwa tumemzika jana yake. Akainua uso, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani mimi nilimpenda kidogo?"

Hakuna aliyejibu. Yule mama hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alisema yale tunayoyasema sote misibani, na mimi nimeyasema mara nyingi tu, nikashikana mikono na wafiwa, nikaenda zangu nyumbani nikiamini nimefariji.

Tangu siku hiyo maneno hayo yamenikaa kooni. Nikarudi kwenye kitabu cha Ayubu, maana ndiko tunakochota msemo mkubwa kuliko yote ya mazishi yetu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Tunauandika kwenye msalaba wa kaburi, tunauchapa kwenye ratiba ya mazishi, tunautamka kabla jeneza halijashushwa. Lakini nani aliusema? Ni Ayubu mwenyewe, amepoteza watoto 10 kwa siku moja, joho amelirarua, kichwa amekinyoa, yuko chini kifudifudi. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia. Yalitoka kinywani mwa aliyefiwa, na uzito wote uliomo umetoka humo.

Wageni walikuja baadaye: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, asinene mmoja wao neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Kwangu mimi hapo ndipo walipomfaa. Walipoanza kumweleza kwa nini yamempata, wakaharibu. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu yule yule aliyeilaani siku aliyozaliwa! Hilo lilinipa pumzi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mfiwa mwenye imani hanung'uniki.

Kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi. Tukisema Mungu kamchukua mtoto kwa sababu anampenda, tunakifanya kifo kuwa mkono wa upendo wake. Paulo hakukiita hivyo. "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti," anawaandikia Wakorintho. Adui! Na tumaini letu ni kwamba adui huyu atashindwa, kwamba amekwisha kuanza kushindwa asubuhi ile kaburi lilipokutwa wazi. Hatukuambiwa tumpake rangi afanane na rafiki.

Nenda Bethania, Yohana 11. Lazaro, rafiki wa Yesu, amekufa na kuzikwa, na Yesu anajua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita atoke kaburini. Angeweza kumwambia Mariamu, dada wa Lazaro, "Nyamaza, utaona sasa hivi." Hakusema. Alipomwona analia, na Wayahudi waliokuja naye wanalia, aliugua rohoni, na neno la Kigiriki lililotumika pale lina hasira ndani yake. Kisha akalia machozi. Aliyekuwa na uhakika kuliko wote wa ufufuo ndiye aliyelia mbele ya watu. Sasa sisi tunapata wapi ujasiri wa kumnyamazisha mama aliyetoka kuzika?

Najua mtu ataniletea 1 Wathesalonike 4, kwamba Mkristo hapaswi kuhuzunika. Soma tena: "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Huzuni haikukatazwa.

Aliyemfariji dada yangu kweli alikuwa jirani, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Alifika kila asubuhi kabla ya jua, akawasha moto, akaosha vyombo vya watu waliolala msibani. Siku ya nne akavikuta viatu vya shule vya yule mtoto nyuma ya mlango, vina matope ya siku ya mwisho aliyotoka shule. Hakuvisafisha wala kuvificha. Akavichukua, akamkabidhi dada mikononi, akaketi karibu yake. Wakalia pamoja mpaka chai ikapoa.

Sisi ni Wamoraviani, Waprotestanti wa Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako wamisionari wetu wa kwanza walifika mwaka 1891. Pasaka yetu huanzia makaburini, kukiwa bado na giza. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipopanda kilima cha makaburi kuimba kabla jua halijachomoza. Huku kwetu Pasaka huja na masika, kwa hiyo tunakwenda na ukungu, matope na tochi za simu.

Pasaka iliyofuata dada alikwenda. Wakati tunaimba yeye alikuwa amepiga magoti kwenye kale kakaburi, anang'oa magugu, analia kwa sauti. Hakuna aliyemgusa bega kumwambia basi. Mchungaji akatangaza, "Kristo amefufuka!" Dada hakusimama. Akaitikia akiwa pale pale chini, mikono imejaa udongo, machozi yanamtoka: "Amefufuka kweli kweli."