Pikipiki ya Mtoto na Baba Mjuaji

Nilipotangaza kuuza Yamaha BW80 nilijua simu hazitakuwa nyingi. Ni pikipiki ndogo ya kujifunzia, ilitoka mwaka 1986 na haikudumu sokoni. Anayeitafuta leo ni mzazi, au mtu mzima mwenye ugonjwa wa vitu vya zamani. Aliyekuja alikuwa mzazi, tena mjuaji. Aliongozana na bintiye, aliyekwishavaa helmeti.

Akaanzia kwenye matairi. Haya ni mafupi, mapana, ungedhani yamechomolewa kwenye toroli, na pale yanapogusa ardhi yamebonyea kidogo.

"Hayana upepo haya."

Nikamweleza ndivyo yanavyotakiwa: upepo ukiwa kidogo tairi linabonyea juu ya jiwe au mzizi, mtoto harushwi. Akacheka. "Ndugu yangu, mimi nimeanza kuendesha pikipiki wewe hujaota ndevu." Akafungua buti la gari, akatoa pampu (nani anatembea na pampu?), akajaza mpaka ukiligonga tairi kwa kidole linalia ngo, ngo.

Akapanda. Magoti yakamfika kifuani. Mkono wa kushoto ukapapasa, ukapapasa.

"Klachi mmeing'oa?"

"Haina. Inajishika yenyewe. Gia ziko tatu, unakanyaga tu, ila uachie mafuta kwanza."

Sidhani kama hilo la mwisho alilisikia, maana alishapiga kiki na injini ya mipigo miwili ilikuwa inalia vwiiii, moshi wa bluu umetanda uani. Akakanyaga gia mafuta yakiwa wazi.

Injini yenyewe ni cc 79. Basi zote zikaitika kwa pamoja. Pikipiki ikachomoka, mwenyewe akabaki amening'inia kwenye usukani, miguu inaelea. Mbele kulikuwa na mzizi wa mti. Kwa upepo wake wa kawaida lile tairi lingeumeza. Sasa likadunda. Na kila likidunda yeye anarudi nyuma, akirudi nyuma mkono unavuta mafuta, mafuta yakiongezeka linadunda zaidi. Akapita kwenye kamba ya nguo, akatokea upande wa pili na shuka langu shingoni, akazama kichakani. Injini ikazimika.

Binti hakukimbia wala hakulia. Alinivuta shati.

"Mjomba, na mimi nikipanda itafanya vile?"

"Hapana. Sisi tutapunguza upepo kwanza."

Baba akatoka, majani kichwani, shuka bado analo. Akaiinua pikipiki, akaizunguka taratibu. Akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa madigadi ya mbele. Akautazama usukani uliopinda kwa jicho moja, kama fundi seremala. Akaguna.

"Kaka, hii imeshawahi kuanguka," akasema. "Hapo kwenye bei itabidi ushuke."